Mti Uliao na Mdudu wa Povu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za viumbe wa Mwenyezi Mungu walio karibu na nyumba zetu, na mwezi huu sikulitafuta jambo la kuandika. Limenijia lenyewe hapa Kitete. Bibi mmoja, mama wa mwanafunzi wa chuoni kwangu, alimtuma mwanawe aniletee chupa ndogo yenye maji, pamoja na suali. Maji hayo yamekingwa chini ya mti mmoja ulio kando ya njia iendayo Kwihara. Mti huo hutoa machozi mwisho wa kiangazi, mchana na usiku, wala hapana wingu mbinguni. Watu wameanza kuufungia vitambaa vyeupe. Wako wasemao kwamba chini yake amezikwa mtu mwema miongoni mwa wasafiri wa misafara ya zamani, na mti unamlilia. Na wako wasemao kuwa pana mzimu. Ama yeye mwenyewe alikwisha kuinunua chupa ile, tena kwa bei isiyo ndogo, kwa kuambiwa kuwa maji yake ni dawa ya macho, na mtoto wake mdogo macho yamemvimba siku ya nne. Suali lake lilikuwa fupi: je, yafaa kutiwa machoni, na je, yajuzu kutawadhia?

Suali la kwanza nilimjibu saa ile ile, kwani jicho la mtoto haliwezi kungoja gazeti. Nilimwambia asiyatie kabisa, ampeleke mtoto hospitali, nayo iko hapa hapa Kitete. Lakini neno "usitie" peke yake halimtoshi mtu aliyeona kwa macho yake mti ukidondosha maji katika jua kali. Yampasa aelezwe maji yale yatoka wapi. Asipoelezwa atanyamaza kwa heshima ya mwalimu, kisha atarudi mtini kwa siri.

Basi siku ya pili baada ya Alasiri nikaenda na wanafunzi wakubwa watatu. Tulichokiona ni hiki. Ardhi ya pande zote ilikuwa vumbi tupu, lakini chini ya mti palikuwa pamelowa mfano wa mahali palipomwagwa ndoo ya maji. Matone hayakutoka katika mti mzima. Yalitoka katika matawi matano au sita tu, na matawi mengine yalikuwa makavu kama kuni. Mwanafunzi mmoja akapanda. Upande wa chini wa tawi, karibu na machipukizi mapya, akaona mabonge ya povu jeupe kama povu la sabuni ya mfuaji. Akalipangusa bonge moja kwa ujani. Ndani yake mlikuwa na wadudu laini, rangi ya kijivu na manjano, wamebanana bega kwa bega, vichwa vimeinamia gome na mikia iko juu, na kila mmoja akisukuma tone baada ya tone kwa nyuma. Mtoto akapiga ukelele: "Maalim, mti haulii, ni wadudu wanakojoa!"

Nilimwambia apunguze sauti, maana palikuwa na watu wazima wamekaa chini ya mti na vyombo vyao. Lakini amesema kweli, na makala haya yote ni sherehe ya maneno yake.

Mti wenyewe ni mfumbili. Maua yake ni ya zambarau, huchanua mwisho wa kiangazi, na matunda yake ni maganda bapa yasiyopasuka. Wataalamu wa mimea huuita Philenoptera violacea, na katika vitabu vya zamani utaukuta kwa jina la Lonchocarpus capassa. Kutoka nchi yetu mpaka Afrika Kusini mti huu umesifika kwa kudondosha maji, hata walowezi wa kusini wakauita "mti wa mvua". Walakin sifa hiyo mti umepewa bure. Mdudu huyu hashiki mti mmoja. Huweza kukaa juu ya migunga, na juu ya miti ya bustani iliyoletwa kutoka nchi za mbali. Popote atuapo kwa wingi, mti huo "hulia", na akiondoka mti hunyamaza.

Sasa tumjue kwa nasaba yake. Sisi tukitaka kumjua mtu husema ni fulani bin fulani, wa nyumba fulani, ukoo fulani, kabila fulani. Wataalamu wa viumbe nao hufanya hivyo hivyo, ila wao huanza na kabila kubwa, wakashuka mpaka mtu mwenyewe. Kabila kubwa la mdudu huyu huitwa Hemiptera, nalo lina aina zaidi ya 80,000 zilizokwisha kupewa majina. Alama ya kabila hili ni mdomo. Hawana meno ya kutafuna kama nzige wala ulimi wa kulamba kama nzi. Wana mdomo mfano wa sindano, uliokunjwa chini ya kifua, ambao huuchoma katika kitu na kunyonya. Wasomaji watashangaa nikiwaambia kuwa kunguni wa vitandani ni wa kabila hili hili. Yeye huchoma ngozi yetu akanyonya damu. Wengi katika jamaa zake huchoma majani na matawi wakanyonya maji ya miti. Vidukari wa kunde na vidung'ata wa mihogo ni wa kabila hili, na nyenze wapigao kelele mitini wakati wa joto kadhalika.

Zamani wataalamu walikuwa wakiligawa kabila hili mafungu mawili, na wanyonyao miti wengi wakawekwa katika fungu lililoitwa Homoptera. Vitabu vya shule vya miaka ya 1950 na 1960 vyote vilisema hivyo. Baadaye, walipochunguza urithi uliomo ndani ya chembe za miili ya wadudu, wakaona kuwa fungu lile halikuwa udugu wa kweli. Lilikuwa ni kufanana kwa chakula tu, mfano wa mtu kusema kwamba wote walao ugali ni ndugu. Jina likaachwa. Mdudu wetu akaonekana kuwa jamaa wa karibu wa nyenze, na mbali kidogo na vidukari. Ukoo wake huitwa Aphrophoridae, maana yake kwa Kiyunani ni wachukuao povu, na nyumba yake ni Ptyelus, jina litokanalo na neno la Kiyunani la mate. Ajulikanaye zaidi katika nyumba hiyo ni Ptyelus grossus, aliyeenea Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara. Aliyempa jina ni Fabricius, mwanachuoni wa Kidenmark wa karne ya 18, mwanafunzi wa Linnaeus yule wa Sweden aliyeweka kanuni ya kukipa kila kiumbe majina mawili. Mimi katika makala haya nitamwita mdudu wa povu, na Mwarabu wa Oman au Mnyamwezi wa Sikonge akiwa na jina zuri zaidi na aniletee.

Jambo la kustaajabisha si povu, ni kile anywacho. Ndani ya mti mna njia mbili. Moja imo katika gome, nayo huchukua chakula kitamu kilichopikwa na majani, hukishusha chini na kukigawa katika sehemu zote. Nyingine imo ndani ya mbao yenyewe, nayo hupandisha maji kutoka mizizini mpaka majanini. Maji hayo ni maji kweli kweli, chumvi za ardhi kidogo tu na chakula haba mno. Vidukari na vidung'ata huchoma njia ya gome, wakanywa sukari. Mdudu wa povu amechagua njia ya pili, chakula cha kimaskini kabisa, na kwa sababu hiyo hana budi kunywa kwa wingi mno ili apate riziki kidogo. Wataalamu wamepima jamaa zake wakaona kwamba kwa siku moja hupitisha maji yaliyozidi uzito wa mwili wake mara mia na zaidi. Fikiri mtu mzima wa ratili 150 anywe na kutoa mapipa arubaini ya maji kutoka alfajiri mpaka alfajiri! Hayo ndiyo machozi ya mti.

Tena kuyanywa kwenyewe si kazi nyepesi. Maji katika mbao hayasukumwi kutoka chini. Huvutwa kutoka juu, kwa kukauka kwa majani katika jua na upepo. Kwa hivyo ukitoboa njia ile maji hayaruki nje kama damu, bali yanavutwa ndani. Mdudu yampasa avute kuwashinda majani elfu yavutayo upande wa pili. Ndiyo maana paji la uso wake limevimba kama shavu la mpiga zumari: ndani yake mna misuli ya pampu. Mwaka 1 wa kujifunza elimu ya maji mwanafunzi hufundishwa kwamba pampu ya kuvuta haiwezi kuinua maji ya kisima kupita mita 10 hivi. Walakin wataalamu waliopima uwezo wa wadudu wa jamaa hii, wakatangaza mwaka 2021, waliona kuwa pampu ya uso wao huweza kuvuta kwa nguvu ipitayo mara kumi ya uzito wa hewa ituzungukayo. Ni mfano wa mtu kukaa mdomoni mwa kisima cha mita 100 akanywa kwa mrija. Na mdudu mwenyewe mkubwa hafiki urefu wa kifundo kimoja cha kidole.

Na hiyo riziki haba yatosha vipi kuujenga mwili? Mwenyezi Mungu amemwekea wasaidizi. Ndani ya mwili wake wanakaa vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao humtengenezea vile vyakula vya kujenga mwili visivyopatikana katika maji ya mti. Mama huwarithisha wanawe vijidudu hao ndani ya yai, hata kabla halijaanguliwa. Kwa hivyo mtoto wa mdudu huyu huzaliwa na wapishi wake.

Kuhusu maji haya kiko kisa kihusianacho na mji wetu. Wenyeji wa Tabora wote walijua tembe la Kwihara, alilokaa Dr. Livingstone mwaka 1872, alipofika kutoka Ujiji pamoja na Stanley mwezi wa Februari, akabaki hapo akingoja wapagazi mpaka Agosti. Watu wengi wanajua kuwa alikuwa padri na msafiri. Wachache wanajua kuwa miaka kumi na minane kabla ya hapo, katika nchi ya Angola, aliuchunguza mti uliao. Aliona wadudu kama hawa juu ya miti ya jamii ya mkuyu, fungu dogo tu la wadudu, nao kwa usiku mmoja wakajaza chombo zaidi ya lita moja. Habari hiyo aliiandika katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1857, mwaka ule ule ambao Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora hii.

Livingstone hakuridhika kustaajabu. Aliwakuta wadudu wengine juu ya tawi la mbarika, akakaa na saa akahesabu: tone moja kila sekunde 67. Kisha akalichuna gome la tawi lile, la nje na la ndani, akatoboa mpaka katikati, ili aukate utomvu. Alidhani matone yatakoma. Asubuhi yake akakuta hayakukoma, bali yamezidi, tone moja kila sekunde 5. Akahukumu kuwa basi wadudu hawapati maji kutoka mtini, wanayavuta kutoka hewani.

Kuhesabu kwake kulikuwa sahihi, hukumu yake haikuwa sahihi, na sababu msomaji amekwisha kuisoma hapo juu. Alilichuna gome, yaani alifunga njia ya chakula, lakini sehemu kubwa ya mbao aliiacha salama, na maji yapanda ndani ya mbao. Mimi nampenda mtu huyu kwa saa yake. Hakusema mzimu, wala hakusema ajabu akaondoka. Alihesabu na akaandika hesabu yake, na kwa hesabu hiyo hiyo waliokuja nyuma yake wakaweza kumsahihisha.

Ama povu, hilo hulifanya watoto tu. Mdudu huyu hutaga mayai katika sehemu laini za mti. Mtoto akitoka hana ngozi ngumu wala mbawa, na jua la kiangazi lingemkausha kama kauka wa dagaa. Basi yale maji ayatoayo huyachanganya na ute utokao katika matumbo yake, kisha huingiza hewa kwa kutikisa sehemu ya nyuma ya mwili, mapovu yakawa madogo madogo na hayapasuki upesi. Ndani ya povu huwa na baridi na unyevu, na ndege na chungu hawapendi kutia mdomo humo. Hujivua ngozi mara tano. Mara ya mwisho hutoka mdudu mzima mwenye mbawa, rangi ya gome, na povu huliacha moja kwa moja. Mzima hujikinga kwa kuruka. Jamaa yake mdogo wa Ulaya, mwenye urefu wa milimita 6 tu, alipimwa mwaka 2003 akaonekana aruka juu sentimita 70, yaani zaidi ya mara mia ya urefu wake mwenyewe.

Hapa nataka kumtenganisha mdudu huyu na wale wengine wanyonyao sukari ya gome, kwani mtu huweza kuwachanganya, na kina mama wana haja ya kuwajua wote wawili. Ukisimama chini ya mwembe ukahisi matone madogo yanatayo kama shira, na majani ya chini yamefanya weusi kama masizi ya chungu, hiyo si kazi ya mdudu wa povu. Hao ni vidung'ata au jamaa zao. Wao hunywa sukari kupita haja yao, na ziada hutoka nyuma yao ingali tamu. Juu ya utamu huo huota ukungu mweusi. Chungu huwafuata na kuwachunga kama wafugaji na ng'ombe wao. Nyuki nao hulamba tamu hiyo wakaipeleka mzingani, na wafuga nyuki wa nchi nyingi huijua asali ya namna hiyo, nyeusi nyeusi. Katika nchi za Iraq watu huokota kitu kitamu cha namna hii juu ya majani ya miti, wakatengeneza halua waiitayo kwa jina la manna. Na katika jangwa la Sinai, mwaka 1927, mtaalamu Bodenheimer alithibitisha kwamba chembe tamu zionekanazo juu ya miti ya mkwaju-jangwa, waiitao Waarabu tarfa, hutokana na wadudu wadogo wanyonyao miti hiyo. Wako waliosema hiyo ndiyo manna waliyoteremshiwa Bani Israili. Mimi sithubutu kusema hivyo. Jina kuwa moja hakulazimishi kitu kuwa kimoja, na jambo la ghaibu hatulipimi kwa chembe za Sinai. Lakini tofauti ya matone ni nyepesi kuijua: ya mdudu wa povu hayanati, ukiyasugua kwa vidole ni maji, ya vidung'ata hunata.

Sasa turudi kwa watu waliokaa chini ya mfumbili. Mzee mmoja pale, mtu wa sala tano, alinikabili kwa hoja ambayo haifai kudharauliwa. Alisema: "Maalim, je, gogo la mtende halikulia katika msikiti wa Madina, Bwana Mtume alipoliacha akaenda juu ya mimbari? Liliweza gogo kavu kulia, mti mbichi ushindwe?"

Nilimjibu kwamba lile limethibiti. Limepokewa na Masahaba waliokuwamo msikitini, likaandikwa na Imam Bukhari na wengineo, wala sisi hatuna shaka nalo. Walakin hoja haipandi hapo. Muujiza wa Mtume (S.A.W.) huthibiti kwa mapokezi sahihi, hauthibiti kwa kufananisha. Mtu hawezi kusema kuwa kwa sababu mwezi ulipasuka, basi kila chombo kipasukacho nyumbani ni muujiza. Isitoshe, la Madina lilikuwa kuomboleza kwa sauti iliyosikiwa na waliokuwapo, na hili letu ni maji, na mwenye kuyatoa tumemwona.

Na wakumbuke yaliyopita njiani kwenda Hunayn. Washirikina walikuwa na mti wao, Dhatu Anwat, wakitundika silaha zao juu yake kutafuta baraka. Baadhi ya waliokuwa wapya katika Uislamu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awawekee na wao mti kama ule. Aliwakemea kemeo kubwa, akalifananisha ombi lao na la Bani Israili walipomtaka Musa awafanyie mungu wa kuabudu. Kitambaa cheupe cha Kwihara na upanga wa Dhatu Anwat ni ndugu wa tumbo moja.

Na iko habari nyingine niipendayo zaidi kwa jambo hili. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Bwana Mtume, siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kumlilia Ibrahim. Angekuwa ni mtu atafutaye utukufu wa dunia, angenyamaza, na maneno yale yangemzidishia cheo katika msiba wake. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni dalili mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa mauti ya mtu wala kwa uhai wake. Ikiwa jua halikumlilia mwana wa Mtume, mfumbili hautamlilia mchukuzi wa pembe za ndovu, rehema za Mungu ziwe juu yake popote alipolala.

Suali la kutawadha ni jepesi. Maji ya udhu sharti yawe maji mutlaki: ya mvua, ya mto, ya kisima, ya bahari na mfano wake. Yaliyotoka katika mti kwa kukamuliwa hayaondoi hadathi, ijapokuwa ni tohara. Na haya hayakukamuliwa tu, yamepita katika tumbo la mdudu yakatoka kwa njia ya haja. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mkojo na kinyesi cha kila mnyama ni najisi, hata wa samaki na nzige, kwa kauli iliyotegemewa. Asali isikutie shaka, kwani hiyo ina dalili yake na ijmai ya Waislamu. Wanavyuoni wa madhehebu nyingine wana wepesi katika baadhi ya haya. Mpita njia akiangukiwa na tone asifanye wasiwasi mwingi: jambo gumu kuepukika lina msamaha wake, na aoshaye nguo yake amechukua hadhari. Ama auzaye chupa, bei ya najisi katika madhehebu yetu haisihi, na fedha aliyoipokea ni ya watu, airudishe. Na mwenye kuyatia katika jicho la mtoto aelewe kuwa anatia mkojo wa mdudu, uliokingwa katika sufuria chini ya mti wenye vumbi, juu ya jicho lililo gonjwa.

Nimesikia pia kwamba baada ya sisi kuondoka, kijana mmoja mwenye ghera ya dini amesema mti ukatwe. Wako watakaomtajia habari ya Sayyidna Umar na mti wa Baiatur Ridhwan. Mimi naona haraka. Mti haukukosa, vitambaa ndivyo viondolewe, na viondolewe na wale wale waliovifunga, baada ya kupanda mmoja mmoja wakawatazama wadudu. Mfumbili una kivuli, una mbao, na jamii ya miti ya maganda huinufaisha ardhi. Wala mdudu huyu hauui mti. Tawi lililojaa povu huweza kudhoofika machipukizi yake, lakini mti mzima hustahimili, na mvua zikianza watoto huwa wamekwisha kuota mbawa na kutawanyika. Kupiga dawa ya sumu juu ya mti ulio njiani, pamoja na nyuki wanaofuata maua yake ya zambarau, ni hasara isiyo na faida.

Sisemi hivyo kwa kudhani kwamba kila mdudu wa jamaa hii hana dhara. Jamaa yake yule mrukaji wa Ulaya, aitwaye Philaenus spumarius, ametia msiba mkubwa kusini mwa Italia, katika jimbo la Puglia. Huko mwaka 2013 iligunduliwa kuwa mizeituni inakufa kwa kijidudu kiitwacho Xylella fastidiosa, kikaacho ndani ya njia ile ile ya maji katika mbao na kuiziba, mti ukakauka kwa kiu hali udongo una maji. Mdudu wa povu ndiye akichukuaye kutoka mti hadi mti kwa sindano ya mdomo wake, kama mbu achukuavyo malaria. Mamilioni ya mizeituni imepotea, na mingine ilikuwa imepandwa karne nyingi nyuma. Lakini ugonjwa ni wa kijidudu, mdudu ni mchukuzi tu, na huyu wetu wa Tabora hatumhukumu kwa kosa la jamaa yake.

Anayetaka kumwona asichelewe. Atafute wakati miti inapochipua kabla ya mvua, Septemba na Oktoba, mahali palipolowa chini ya mti bila sababu. Atazame juu, upande wa chini wa tawi changa. Aweke kisahani, achukue saa, ahesabu matone ya dakika moja asubuhi, adhuhuri na usiku, kisha alipanguse bonge moja la povu kwa ujani na kuangalia baada ya muda gani watalitengeneza tena. Watoto wa chuoni kwangu wanaifanya kazi hiyo sasa, kila mmoja ana tawi lake. Wasomaji wa Nzega, Urambo, Sikonge na kwingineko watakaohesabu na waniandikie kwa anwani ya gazeti: jina la mti kwa lugha ya kwao, mwezi, na idadi ya matone.